Maswali ya Wasomaji: Msimamizi Ameuza Nyumba ya Marehemu, Mama Atakaa Wapi?

Barua za mirathi zimeizidi mikoba yangu msimu huu, na nyingi zinafanana kiasi kwamba mtu angedhani zimeandikwa na familia moja. Nimechagua nne ambazo zinagusa mambo tofauti: nyumba iliyouzwa na msimamizi, shamba lililonunuliwa kwa watu wasiokuwa na mamlaka ya kuliuza, mjane anayeambiwa kuwa mila haimtambui, na dai lililokaa muda mrefu mno. Majina na mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyaondoa. Majibu haya yanahusu Tanzania Bara. Wasomaji wa Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi, Mahakama ya Ardhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na utaratibu wao ni mwingine.

*Baba yetu alifariki dunia mwaka 2014 akaacha nyumba ya vyumba nane huko Tandika, ambayo yeye na mama waliijenga kidogo kidogo tangu mwaka 1982. Sisi ni watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, na familia yetu ni ya Kiislamu. Mwaka 2015 kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka yetu mkubwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi, na tangu hapo hatukusikia tena habari za mahakama. Wapangaji waliendelea kumlipa yeye kodi, naye akimpa mama fedha ya matumizi. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, alikuja mtu tusiyemfahamu akiwa na vijana wawili, wakahesabu vyumba, wakapiga picha, na kabla ya kuondoka mmoja wao akaandika namba kwa rangi nyekundu kando ya mlango wa mama. Tulipouliza tulionyeshwa mkataba wa mauziano wa shilingi milioni 96 wenye saini ya kaka, na siku tatu baadaye mama akaletewa notisi ya wakili inayomtaka ahame ndani ya siku 14. Kaka anasema yeye ndiye msimamizi na hahitaji ruhusa ya mtu. Je, mauziano haya ni halali bila saini zetu? Na mama, mwenye umri wa miaka 71, anaweza kutolewa?*
Binti wa nne, Temeke

Dada yangu, nianze na lile ambalo najua hutapenda kulisikia: kwa hoja ya ruhusa, kaka yako yuko karibu na sheria kuliko mnavyodhani. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1994, na imerudia katika maamuzi ya baadaye, kwamba msimamizi wa mirathi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya warithi wote kabla ya kuuza mali ya marehemu. Sheria inamweka msimamizi mahali pa marehemu ili akusanye mali, alipe madeni na kugawa kinachobaki, na kama kila mrithi angekuwa na uwezo wa kuweka guu katikati, mirathi nyingi zisingefika mwisho. Kwa hiyo mkienda mahakamani na hoja moja tu, kwamba hakuwaomba ruhusa, mtarudi mikono mitupu, na huenda mkabeba na gharama za kesi.

Lakini kutohitaji ruhusa ni jambo moja, na mali kuwa yake ni jambo jingine kabisa. Msimamizi anashika mali kwa niaba ya warithi na anawajibika kwa mahakama iliyomteua, na hapo ndipo mnapotakiwa kuelekeza macho. Kabla hamjaandika barua yoyote kwa mnunuzi, nendeni mkaombe kuona jalada la shauri la mirathi. Namba yake imeandikwa juu ya ile Fomu Namba 4 aliyopewa kaka yako alipoteuliwa. Kwa kuwa mashauri ya mirathi ya Dar es Salaam siku hizi yanaelekezwa katika Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichopo hapo hapo Temeke, ulizeni kwanza kama jalada la mwaka 2015 limehamishiwa huko au bado lipo katika masjala ya mahakama ya awali. Mrithi ana haki ya kulikagua na kuomba nakala.

Mkilipata, tafuteni karatasi mbili. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, ambazo ni za mwaka 1971, zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kwa Fomu Namba 5, na hesabu za namna alivyogawa, kwa Fomu Namba 6. Katika miaka yangu ya kazi nimeona Fomu Namba 5 nyingi zilizojazwa kwa kalamu ya wino upande mmoja tu: nyumba moja, kabati moja, baiskeli moja, bila mtaa, bila thamani, na chini yake saini ya msimamizi na mhuri. Fomu Namba 6 mara nyingi haimo kabisa. Mkiikosa, mna sababu kubwa ya kuomba uteuzi wake utenguliwe, kwa kuwa kushindwa kuwasilisha orodha na hesabu bila sababu ya msingi ni miongoni mwa mambo ambayo sheria inayataja waziwazi kuwa yanatosha kumwondoa msimamizi. Mkiikuta, na ikawa inaonyesha kwamba nyumba ilikwisha kugawiwa kwenu nyote na mirathi ikafungwa, basi mamlaka yake yalikoma siku ile, na mkataba aliousaini baada ya hapo umesainiwa na mtu asiyekuwa na kitu cha kuuza zaidi ya fungu lake mwenyewe.

Usomeni pia mkataba wenyewe neno kwa neno. Je, kaka amejiandika "msimamizi wa mirathi ya marehemu" au "mmiliki halali wa nyumba"? Kama ni hilo la pili, amemdanganya mnunuzi, na mnunuzi naye itambidi aeleze ni hati gani aliyoonyeshwa. Nyumba nyingi za Tandika zina leseni ya makazi, na kwa wenye hati miliki utaratibu ni kwamba msimamizi huandikishwa kwanza kwa Msajili wa Hati badala ya marehemu, ndipo mali ihamishwe kwa mtu mwingine. Mnunuzi makini anayeingia kwenye ua wenye wapangaji na bibi wa miaka 71 anauliza, "Huyu mama ni nani, na yuko hapa kwa haki gani?" Asiyeuliza atapata taabu kumshawishi hakimu kwamba alinunua kwa nia njema.

Sasa fedha. Tukichukua kwamba hakuna deni wala wasia, na kwamba nyumba yote ilikuwa ya marehemu, katika milioni 96 mama yenu, kwa sheria ya Kiislamu, ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni shilingi milioni 12. Milioni 84 zinazobaki zinagawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mafungu mawili na wa kike moja, kwa hiyo kila ndugu wa kiume milioni 24 na kila binti milioni 12. Muulizeni kaka yenu, kwa maandishi, fedha hizo ziko wapi. Ikiwa mahakama itaona kwamba aliuza akiwa bado na mamlaka na mnunuzi hakuwa na hila, inawezekana mauziano yakasimama, na haki yenu ikageuka kuwa dai la fedha dhidi ya kaka. Nawaambia hili mapema kwa sababu familia nyingi hupigania kuirudisha nyumba miaka saba, huku milioni 96 zikiyeyuka mfukoni mwa mtu ambaye hakuna aliyemdai hesabu.

Nimesema "tukichukua kwamba nyumba yote ilikuwa ya marehemu" kwa makusudi. Umeandika kwamba wazazi wenu waliijenga pamoja. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamtambua mwenzi ambaye, ingawa jina lake halimo kwenye hati, amechangia kwa kazi zake katika uzalishaji, utunzaji na uendelezaji wa ardhi, kuwa amepata maslahi katika ardhi hiyo. Kama mama anaweza kuonyesha mchango wake, awe alikuwa akiuza vitumbua na kununua mifuko ya saruji au akiwapikia mafundi na kuwachotea maji ya kufyatulia matofali, basi sehemu yake haikupaswa kuingia kwenye mirathi hata kidogo. Ile thumni anaipata juu ya hapo, kutoka katika sehemu ya marehemu peke yake. Hili lisemwe katika shauri lile lile la mirathi, na lisemwe na mama mwenyewe katika kiapo chake. Kama bado anazo risiti za vifaa vya ujenzi, hata zile zilizofifia, azitoe.

Kuhusu mlango wa kuingilia mahakamani, hapa ndipo wengi hupotea. Wewe kama mrithi huwezi kufungua kesi ya ardhi kwa jina lako ukidai nyumba ya marehemu, kwa kuwa anayeweza kudai mali ya marehemu ni msimamizi wake; kesi ya namna hiyo itaondolewa hata kabla ya kusikilizwa. Pelekeni maombi katika mahakama iliyomteua kaka, mkiomba atoe hesabu, uteuzi wake utenguliwe, na msimamizi mwingine ateuliwe. Yeyote asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na siku hizo zinahesabiwa kwa ukali.

Na mama hatoki kwa notisi ya wakili. Notisi hiyo ni madai ya upande mmoja yaliyoandikwa vizuri, haina nguvu ya amri. Ili mtu atolewe katika nyumba anayoikalia, mnunuzi anatakiwa kufungua shauri, ashinde, aombe kukazia hukumu, na hata hapo mdaiwa hupewa siku 14 za kutekeleza kwa hiari kabla ya dalali wa mahakama kuja na amri iliyoandikwa jina lake na namba ya shauri. Akija mtu bila karatasi hiyo akaanza kutoa vitanda nje au kung'oa mabati, huo ni uvunjaji wa amani. Mpigieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtoe taarifa polisi saa hiyo hiyo, mkitaja kwamba kuna shauri la mirathi. Msisubiri hilo litokee. Pamoja na maombi yenu, ombeni kwa hati ya dharura amri ya zuio la muda ili hali ibaki ilivyo. Tangu mwaka 1969 mahakama zetu zimekuwa zikipima mambo matatu kabla ya kutoa zuio: kama kuna suala la msingi la kuamuliwa, kama mwombaji atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na ni upande gani utakaoumia zaidi. Kwa mama aliyeishi katika nyumba moja zaidi ya miaka 40, sioni ugumu katika hayo matatu, ila ugumu upo katika kuchelewa. Ile namba nyekundu ukutani ipigeni picha na tarehe ionekane.

*Mwaka 2021 nilinunua ekari nne Mkuranga kwa shilingi milioni 14 kutoka kwa ndugu watatu, wote wanaume, ambao walisema ni shamba la marehemu baba yao. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akagonga mhuri na kuchukua asilimia 10. Nimepanda mikorosho na kuchimba kisima. Sasa amejitokeza dada yao, anasema hakushirikishwa na hakuna msimamizi aliyewahi kuteuliwa. Nimeitwa Baraza la Kata. Nifanye nini?*
Mnunuzi, Mbagala

Ndugu yangu, dada huyo akithibitisha kwamba hakukuwa na msimamizi, mkataba wako una ufa mkubwa. Watoto wa marehemu, hata wawe wote na hata wakubaliane, hawawi wamiliki kwa kifo cha baba yao peke yake. Mali inashikwa na msimamizi, na asiyekuwa na umiliki hawezi kumpa mwenzake umiliki. Na kama hiyo ni ardhi ya kijiji, upo ufa wa pili. Uhamishaji wa ardhi ya kijiji unahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauziano yasiyokuwa na kibali hicho ni batili. Mwenyekiti wa kitongoji si halmashauri ya kijiji. Asilimia 10 aliyoichukua haikukununulia kibali. Ilimnunulia yeye wino wa mhuri.

Baraza la Kata nenda, tena nenda kwa adabu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 mabaraza hayo hayaamui tena migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30, na bila uthibitisho wao kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku hizo kupita bila suluhu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri. Kwako wewe hapo ndipo pa kumalizia jambo kwa bei nafuu. Pendekeza kwamba familia ipendekeze msimamizi na mahakama imteue, kisha msimamizi huyo akuuzie upya mbele ya halmashauri ya kijiji, na dada apate fungu lake kutoka kwa kaka zake au kutokana na nyongeza mtakayoafikiana. Nimeona migogoro ya namna hii ikiisha kwa nyongeza ambayo haifiki hata ada ya wakili wa mwaka mmoja. Ninafahamu kwamba inauma kulipia mara mbili kitu ulichokwisha kulipia.

Ikishindikana na shauri likafika Baraza la Wilaya, ambalo lina uwezo wa kusikiliza madai ya kurejesha ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, hakikisha kaka watatu wanaunganishwa kama wadaiwa pamoja nawe. Tangu mwaka 1983 maamuzi ya mahakama zetu yamesisitiza kwamba mgogoro wa ardhi iliyouzwa hauwezi kumalizwa bila muuzaji na mnunuzi wote kuwemo. Wakiachwa nje, utashindwa peke yako kisha uanze safari nyingine ya kuwatafuta. Ndani ya shauri hilo hilo dai kurudishiwa milioni 14 na fidia ya mikorosho na kisima. Peleka mthamini mapema, kabla shamba halijabadilika. Usilale na dai la fedha: madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka sita, ingawa palipo na udanganyifu muda huanza kuhesabiwa pale ulipougundua au ulipopaswa kuugundua. Na acha kuongeza ujenzi kuanzia leo, kwa sababu fidia ya kitu ulichokiweka ukijua kuna mgogoro ni ngumu kuipata.

*Tulifunga ndoa kanisani mwaka 1998, tukaishi Kahama mjini mimi na mume wangu tukifanya biashara ya mchele. Alifariki mwaka jana. Tuna watoto wanne, wawili bado wanasoma. Shemeji zangu wamefunga ghala kwa kufuli lao na wamesema kwa mila za Kisukuma mjane hana urithi, kwamba nitatunzwa na wanangu, na kwamba ekari sita za mpunga kijijini ni za ukoo. Wanataka niende nao Mahakama ya Mwanzo nikasaini fomu ya kumkubali shemeji mkubwa kuwa msimamizi. Nisaini?*
Mama wa wanne, Kahama

Mama, usisaini.

Shemeji zako hawakubuni maneno hayo. Yamo katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoandika kanuni za urithi wa kimila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na humo mjane mwenye watoto hapewi fungu. Imeandikwa kwamba atatunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Wajane wawili kutoka Shinyanga walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kuwa ni za kibaguzi lakini ikasita kuzifuta. Rufaa yao ikaishia kwenye kasoro ya kiufundi mwaka 2010, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikasema kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Maoni yangu, na siyafichi, ni kwamba kanuni hizo zilipaswa kuwa zimezikwa miaka mingi iliyopita.

Lakini swali lako la kwanza ni kama kanuni hizo zinakuhusu hata kidogo. Mahakama zetu huangalia mtindo wa maisha wa marehemu na nia yake. Mtu aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini, akafanya biashara na kusomesha watoto nje ya utaratibu wa ukoo, ana kila dalili ya kuwa aliachana na mila katika mambo ya mali. Ikiamuliwa hivyo, sheria inayotumika ni ile ya kale ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado ipo kwetu, na ambayo inampa mjane mwenye watoto theluthi moja na watoto theluthi mbili. Sasa angalia mlango unaovutwa kuuingia. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka katika mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Ukienda huko ukasaini fomu, umekiri kwa mkono wako kwamba mila ndiyo inayotawala, na kulifuta neno hilo baadaye kutakugharimu. Fungua wewe mwenyewe maombi ya usimamizi katika mahakama ya juu yake, ukiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama shemeji wamekwisha kufungua shauri, weka pingamizi humo.

Hata kwenye zile ekari sita za kijijini, mila haina neno la mwisho. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema kwamba kanuni ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu fursa halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na mapema zaidi, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikataa hoja kwamba mwanamke wa Kihaya hawezi kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kutoka kwa baba yake. Shemeji wakitaja mila, wewe taja kifungu. Kwa watoto wanaosoma, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza mtu yeyote kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake, na hiyo inakupa sababu ya kuomba ghala lifunguliwe kwa amri ya muda ili karo ilipwe. Usikate kufuli mwenyewe. Fungua kwa amri, mbele ya mtendaji, magunia yahesabiwe na kuandikwa. Kama fedha ya wakili haipo, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia bila malipo.

*Babu yetu alifariki mwaka 1987 akaacha shamba la minazi Pangani. Baba mdogo alibaki akilitunza. Mwanawe ameliuza mwaka juzi. Sisi wajukuu tunaweza kulidai?*
Wajukuu, Tanga

Kwa mtazamo wa kwanza, mmechelewa. Ukomo wa dai la kurejesha ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu aliyekuwa akiimiliki hadi kufa kwake, Sheria ya Ukomo inaanza kuhesabu siku ya kifo, si siku ya kuteuliwa msimamizi. Miaka hiyo iliisha mwaka 1999. Mnaweza bado kuomba msimamizi ateuliwe, ingawa maombi yanayokuja zaidi ya miaka mitatu baada ya kifo yanahitaji maelezo ya kuchelewa, lakini uteuzi wa leo haufufui muda uliokufa.

Njia iliyobaki ni nyembamba, na inategemea baba mdogo alikaa shambani kwa sura gani. Mtu anayekaa kwa ruhusa ya wenzake, akiwatunzia mali, hawezi kugeuka na kusema kwamba ameimiliki kwa kukaa muda mrefu, na mwanawe hawezi kuuza zaidi ya alichokuwa nacho baba yake. Mmeandika kwamba "alibaki akilitunza". Nani alimwachia, na kuna ushahidi gani? Katika familia nyingi za pwani mtunza shamba huuza nazi au mbata, akawapelekea ndugu fungu lao kila msimu na kuandika. Kama baba mdogo alikuwa na daftari la namna hiyo, lenye majina ya baba zenu na kiasi alichowapelekea mwaka hadi mwaka, mna kitu cha kumpelekea wakili. Likipatikana, lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa na mlihifadhi, kabla hamjamweleza mtu yeyote kwamba lipo.